Kamera Mbili za Mtumba Mezani: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kulipa

"Hajji, kati ya hii na hii, ipi nzuri?"

"Mjukuu wangu, zote Canon, zote zafanya kazi. Chukua unayoipenda."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao pale Kisenyi, Kampala. Nimekuja kutafuta mfuniko wa lenzi. Juu ya meza ya Hajji, katikati ya chaja na rimoti za televisheni, kulikuwa na EOS 500N nyeusi na EOS 300 ya rangi ya fedha. Ukizitazama kwa mbali ni mtu na mdogo wake: umbo lile lile, plastiki ile ile nyepesi, lenzi ya 28-80 kila moja. Kijana alikuwa ametoka Arua siku mbili nyuma, ana hela za kamera moja, na macho yake yalikuwa yanakwenda kwa ile ya fedha kwa sababu inang'aa.

Hajji hakudanganya. Sokoni "inafanya kazi" ina maana kwamba siku moja mtu alibonyeza na ikatoa mlio. Mlio si picha. Kamera za filamu zenye fokasi otomatiki zilizopo sokoni leo nyingi zilitengenezwa kati ya 1985 na miaka ya mwanzo ya 2000, na hakuna hata moja isiyo na kasoro. Ukitafuta nzima kabisa utazeeka. Tafuta ile ambayo ugonjwa wake unaujua na unatibika hapa hapa.

Wanunuzi wengi hawajui bahati waliyo nayo wanapokuta kamera mbili za jamii moja. Ukiwa na moja tu, huna cha kulinganisha nayo. Ukiwa na mbili, kila moja ni kipimo cha mwenzake: lenzi ya hii unaijaribu kwa ile, ukuta ule ule unapimwa na zote mbili, sauti ya hii unaisikia kando ya sauti ya ile. Kwa hiyo muuzaji akikwambia chagua, mwombe kwanza azitoe zote mbili nje, kwenye mwanga.

Mimi nikienda sokoni nabeba betri za aina ninazozijua, kasha la filamu iliyoharibika ya kufanyia majaribio, raba ya penseli, kipande cha utepe, kalamu, na simu. Vyote vinaingia mfuko mmoja wa koti.

Kwanza jina, usije ukanunua kitu kimoja mara mbili

Mitumba yetu hutoka pande nyingi za dunia, na kamera moja huja na majina matatu. EOS 300 ya Ulaya ndiyo Rebel 2000 ya Marekani na ndiyo Kiss III ya Japani. EOS 500N ni Rebel G kwa Wamarekani. Nikon F80 kwao ni N80, F90 ni N90, F-801 ni N8008. Minolta yenye neno Dynax, yenye Maxxum na yenye Alpha ni ukoo mmoja. Mtu akikuuzia Maxxum kwa bei ya juu kwa sababu "hii ni ya Amerika, ile ni ya kawaida," mshukuru, nenda zako.

Haiwaki, au inawaka ukibonyeza inazima

Hapa ndipo kamera nzima nyingi hutupwa, na hapa ndipo ningekuomba usimame muda mrefu.

Kamera hizi hazina mkono wa kuvuta filamu. Mota inavuta filamu, mota inasogeza lenzi, umeme unainua kioo na kufungua pazia, ile shata inayoachia mwanga ufike kwenye filamu. Bila betri ni jiwe. Na kila moja ina chakula chake. EOS 500N inakula CR123A mbili. EOS 300, mdogo wake, inakula CR2 mbili, ambazo ni nyembamba zaidi, haziingiliani. EOS 650, EOS 5, EOS 1000 na Minolta nyingi za miaka ya tisini zinataka 2CR5, ile betri nene ya volti 6 iliyo kama mbili zilizounganishwa. Nikon F-801, F90 na F100 zinakula betri nne za kawaida za saizi AA, zile za rimoti, zinazopatikana kuanzia Kabale hadi Koboko.

Kabla hujapenda kamera, fungua mlango wa betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri ilivuja humo. Ikiwa ni unga tu juu ya vyuma, kijiti cha pamba chenye siki kidogo, kisha spiriti, vinautoa. Ikiwa chuma kimeliwa hadi kimekatika, au kijani kimepanda kwenye waya, iache.

Dalili inayodanganya zaidi ni hii: unatia betri, kioo cha maandishi kinawaka vizuri, alama ya betri imejaa. Unabonyeza kitufe, kamera inakoroma kidogo kisha kimya. Muuzaji anasema shata imekufa, anakupunguzia bei. Subiri. Betri za bei rahisi za zinki, zile za redio na saa ya ukutani, zinaweza kuonyesha volti nzuri zikiwa zimepumzika, lakini mota ikianza kuvuta zinazama ghafla. Tia AA za alkalini mpya, au za kuchaji za NiMH, ujaribu tena. Nimeona F90 "iliyokufa" ikifufuka hivi mara zaidi ya moja.

Ikiwa na betri nzuri bado inakwama, na kwenye EOS za zamani yakamulika maandishi *bc*, au kwenye zile ndogo alama ya betri ikawa inamulika, basi tatizo huenda si betri kabisa. Kamera inatumia alama hiyo hiyo kulalamika kwamba kitu fulani ndani hakikumaliza kazi yake: pazia limenata, kioo kimekwama, au tundu la lenzi, lile linalopanuka na kubana kupitisha mwanga, limegoma. Toa lenzi, ubonyeze bila lenzi. Ikipiga vizuri, mlaumu lenzi. Ikigoma vile vile, mlaumu bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Onyo moja. Wauza tochi wana betri za kuchaji zenye umbo la CR123A, na watakwambia ni kitu kile kile. Si kile kile. CR123A ni volti 3. Nyingi ya zile za tochi ni volti 3.7, na zikijaa zinafika 4.2. Mbili kwa pamoja ni zaidi ya volti 8 ndani ya kamera iliyotengenezewa 6. Inaweza kupiga roli mbili, na ya tatu ikaungua.

Siku ile nilikuwa na CR123A zangu, tukaiwasha 500N pale pale. Kwa ajili ya EOS 300 ilibidi kijana apande boda hadi mjini kutafuta CR2, na alikaa karibu saa nzima. Aliporudi nikamwambia: huo ndio mtihani wa kwanza, na kamera ya fedha imeshapoteza alama moja.

Lenzi inakwenda mbele, inarudi, haishiki

Kamera hizi hutafuta fokasi kwa kutofautisha mstari mweusi na mweupe. Mwanga unapita katikati ya kioo kikubwa, ambacho hapo kati kinapitisha kiasi, unagonga kioo kidogo kilichofichwa nyuma yake, unateremka hadi kwenye jicho lililo sakafuni mwa kamera. Jicho hilo halijui sura ya mtu. Linajua mpaka kati ya rangi mbili. Ukilielekeza ukuta mtupu au anga, litahangaika hadi lichoke, na kamera itakuwa haina kosa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni shabaha nzuri. Ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani unatosha. Kichwa cha habari cha gazeti la Bukedde kina wino wa kutosha kushikwa na kamera yoyote iliyo hai. Kamera za mwanzo mwanzo zenye nukta moja tu ya fokasi, kama Minolta 7000 ya 1985 au EOS 650 ya 1987, huona vizuri mistari iliyosimama, mistari ya kulala huziponyoka. Ikihangaika, izungushe kamera kidogo kama unayeinamisha kichwa. Ikishika, ni tabia yake, usiihesabie ugonjwa.

Ikiwa haijasogea kabisa, angalia swichi. Canon huwa nayo kwenye lenzi, AF (otomatiki) na MF (kwa mkono). Nikon huwa nayo mbele ya bodi, karibu na lenzi, M (kwa mkono), S na C (otomatiki). Watu hulipia fundi kwa swichi iliyoguswa na kidole.

Swichi ikiwa sawa, badilishaneni lenzi. Hapa ndipo mapacha wanapokusaidia, lakini ujue mota iko wapi. Canon EOS tangu mwanzo iliweka mota ndani ya lenzi. Lenzi ikiwa bubu kwenye bodi zote mbili, lenzi imekufa, bodi hazina hatia. Ikisogea kwenye moja na kugoma kwenye nyingine, tazama zile pini za dhahabu mdomoni mwa bodi iliyogoma. Zisugue taratibu kwa raba safi au kitambaa chenye spiriti, ukiinamisha kamera ili vumbi lidondoke nje. Nikon za filamu, kinyume chake, zina mota ndani ya bodi. Chungulia mdomoni utaona kichwa kidogo cha bisibisi kinachochomoza. Hicho ndicho kinachozungusha lenzi za AF za zamani. Ikiwa Nikon moja inasogeza lenzi na nyingine haiisogezi, bodi ndiyo mgonjwa.

Nasema haya kwa uchungu. Miaka iliyopita nilimrudishia muuzaji bodi nzuri ya EOS nikidai fokasi imekufa, nikanunua nyingine, nikaivalisha lenzi ile ile, ikagoma vile vile. Lenzi ndiyo ilikuwa maiti. Bodi ya kwanza ilikuwa imeshauzwa.

Kwa kamera za Hajji, lenzi ya 500N haikutoa hata mkoromo. Tukaihamishia kwenye ile ya fedha: kimya. Lenzi ya fedha tukaivalisha nyeusi: *zii*, ikashika kichwa cha habari kwa mara moja. Kijana alikuwa tayari kuikataa 500N. Nikamzuia.

Kuna kuhangaika kwa aina nyingine, ambako inashika juani na kupotea ndani ya nyumba. Lenzi rahisi za 28-80 ukizivuta hadi mwisho tundu lake kubwa ni f/5.6, na hapo mwanga unaofika kwenye lile jicho ni mdogo. Ikiwa mapacha wote wanahangaika sawa kwa lenzi ile ile, ni mpaka wa uwezo wao. Ikiwa mmoja tu, huenda kile kioo kidogo kina vumbi au kuvu. Puliza kwa pampu ya mpira, kamera ikiwa imeinamishwa. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Na usifute kioo kwa shati. Kioo cha kamera hakina ngozi ya juu ya kukilinda kama kioo cha dirisha. Fedha yake iko juu, wazi kabisa.

Inashika, inalia *pip*, lakini picha zinatoka na ukungu

Hili ni baya zaidi kwa sababu huligundui hadi umesafisha roli nzima. Unachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia na kile jicho la fokasi linachokipima ni njia mbili tofauti. Kile kioo kidogo kikisukumwa na fundi mwenye kidole kizito, jicho litaapa kwamba limeshika huku lenzi imesimama nusu mita nyuma ya mtu.

Bila kuchoma filamu unaweza kulinasa. Lenzi hizi rahisi hazina namba za umbali, lakini sehemu ya mbele huzunguka inapofokasi. Bandika utepe kwenye sehemu inayozunguka, chora mstari wa kalamu, na mstari mwingine kwenye sehemu isiyozunguka. Simama mahali pamoja, zoom iwe pale pale, lenga ukingo wa mlango ulio mita tatu. Ikishika, tazama mistari imeachana kiasi gani. Rudia mara tatu, maana kuteleza mara moja ni kawaida. Kisha hamishia lenzi hiyo hiyo kwenye pacha wa pili, ulenge ukingo ule ule. Mistari ikiachana kwa kiasi kile kile kwenye bodi zote mbili, tulia. Ikiwa moja inasimama kila mara pengine, mmoja wao anasema uongo.

Ili kumjua mwongo, lenga mbali sana. Pale Kisenyi tulitoka barabarani, tukalenga ukingo wa mnara wa Msikiti wa Taifa juu ya Old Kampala. Kwa umbali huo lenzi inapaswa kukaribia mwisho wa safari yake. Inayosimama katikati ndiyo mwongo. Zote mbili za Hajji zilifika.

Nusu ya picha nyeusi, au mstari wa giza pembeni

Fungua mlango wa nyuma, kamera ikiwa tupu. Utaona mabamba membamba ya pazia. Usiyaguse. Yatazame kwa pembeni, kwenye mwanga. Yanapaswa kuwa makavu, ya rangi moja. Ukiona madoa meusi yanayong'aa kama lami, umekutana na ugonjwa maarufu wa EOS 650, 620, 600 na ndugu zao. Ndani yake kuna kipande cha mpira kilichowekwa kupunguza kishindo cha pazia. Miaka ikipita mpira huo unayeyuka, unakuwa gundi, unapaka mabamba, nayo yanaanza kunatana.

Weka kasi ya juu, 1/2000, elekeza kamera angani penye mawingu meupe, chungulia kwa nyuma huku ukipiga. Unapaswa kuona mwanga umejaa dirisha zima kwa kufumba na kufumbua. Ukiona pembe ina giza, au mara linafunguka mara halifunguki, ni gundi. Piga pacha wake baada yake na tofauti utaiona wazi. Kisha weka sekunde 1, usikilize: *kla*... *klak*. Zihesabu zote mbili.

Gundi hiyo mafundi huiondoa kwa kijiti cha pamba na petroli ya kiberiti, tone moja moja, na pazia linaamka. Lakini mpira uliooza bado umo ndani, kwa hiyo itarudi. Mimi siinunui kama kamera. Naweza kuichukua kwa bei ya nyanya, ya kujifunzia.

Picha zote giza, au zote zimeungua

Kuna wahusika watatu.

Wa kwanza ni tundu la lenzi. Piga picha moja tundu likiwa wazi kabisa, kisha weka f/11 upige tena. Canon ikipiga ya kwanza na kuganda kwenye ya pili, ule utepe wa umeme unaokwenda kwenye tundu, ndani ya lenzi, huenda umekatika. Minolta 7000 ina ugonjwa wake: sumaku inayosimamisha tundu inachoka, tundu linajifunga hadi mwisho kwa kila picha, na kila kitu kinatoka giza hata mchana wa Lira. Kwenye Nikon tazama mabawa ya tundu: yakiwa na mafuta yanachelewa kujifunga, na picha zinaungua.

Wa pili ni kusoma filamu. Kasha la filamu lina miraba ya fedha na myeusi ubavuni, na kamera inaisoma kwa pini zilizo chumbani. Pini zikiwa na uchafu, kamera inadhani filamu ya 400 ni ya 100. Nikon F65 na F75 hazina njia ya kuweka ISO, ile namba ya wepesi wa filamu, kwa mkono. Kasha lisilo na miraba, kama la filamu iliyokatwa na kujazwa upya, zinalichukulia kuwa ISO 100, upende usipende. F80 na EOS 300 zinakuruhusu uweke mwenyewe. Kwa anayenunua filamu ya kujazwa, hiyo peke yake inaamua.

Wa tatu ni kipima mwanga. Lenzi moja, ISO moja, f/8, ukuta mmoja ulio kivulini wenye rangi moja. Pima kwa hii, pima kwa ile. Zinaweza kupishana kidogo kwa sababu hazigawi picha sehemu sawa, 500N hugawa sehemu 6 na EOS 300 hugawa 35. Zikipishana kwa kituo kizima, yaani moja inadai mwanga mara mbili ya nyingine, itisha shahidi wa tatu, programu ya kupima mwanga iliyo kwenye simu.

Halafu kuna mshtakiwa asiye na kosa, naye ni kanzu. Ukipiga kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, umati wa wanaume waliovaa kanzu nyeupe, kamera yoyote itadhani mwanga ni mwingi na kupunguza. Kanzu itatoka kijivu na nyuso nyeusi tii. Ongeza mwanga kituo +1, hata +1.5. Filamu ya negativu ya rangi inavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Na fokasi nayo itahangaika juu ya kile kitambaa cheupe. Lenga lile darizi jekundu la kifuani, ndilo mpaka pekee kamera inaouona. Mama mmoja aliyevaa gomesi lenye maua hatakusumbua kabisa.

Lenzi inaingia, lakini...

Yule mwenye kamera ya dijitali nyumbani huuliza kama lenzi zake zitafaa. Ya Canon yenye mraba mweupe, EF-S, haiingii kwenye EOS ya filamu, usilazimishe. Yenye nukta nyekundu inaingia katika zote tangu 1987. Nikon inaingia karibu kila kitu, kisha inakunyima kimya kimya. Lenzi za DX, zilizotengenezewa dijitali ndogo, zinaingia lakini pembe zinakuwa nyeusi. Zile za AF-S, zenye mota yao ndani, hazifokasi kwenye F-501, F-801 wala F55. Zile za G, zisizo na pete ya tundu, kwenye F90 zinatumika katika P na S tu, ambako kamera ndiyo inayochagua tundu.

Na Nikon ikikuandikia *FEE* na kugoma kupiga, tabasamu. Pete ya tundu kwenye lenzi haijawekwa kwenye namba kubwa kabisa, 22 au 32. Izungushe, ifunge, imepona. F80 yangu niliinunua kwa bei ya spea kwa sababu ya herufi hizo tatu. Nilimweleza muuzaji baada ya kulipa. Alicheka, lakini si sana.

Mambo madogo yanayoumiza

Mgongo wa F90, F100 na F80 hunata kama peremende iliyolambwa. Ni ngozi ya mpira iliyooza juu tu, spiriti na kitambaa vinaitoa, utabaki na plastiki safi. Usiikatae kamera kwa hilo, itumie kuombea bei. Ndoano ya mlango wa nyuma ni jambo jingine. Kwenye F80 ni plastiki nyembamba, ikivunjika mlango unafunguka na mwanga unakula filamu. Fungua na ufunge mara tano, kisha usukume mlango kwa kidole gumba. Ukicheza, uliza bei ya nyingine. EOS 5 huvunjika ndani ya gurudumu la kuchagulia, lizungushe usikie kila kituo.

Lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa Entebbe na visiwani haitapungua.

Kamera ndogo za mfukoni, zenye lenzi isiyotoka, sizigusi hapa. Huwezi kubadilishana chochote kati ya mbili, na ndani zimebanwa kiasi kwamba fundi wengi wanazirudisha zikiwa vipande.

Basi ipi?

Mtu wa Nikon anayeniuliza kati ya F90X na F80, zote zikiwa nzima, namuuliza anaishi wapi. Akiwa wa Moroto au Kisoro, F90X, kwa sababu ya AA tu. Hata pazia lake la 1/8000 sitalitaja. Akiwa Kampala na ana lenzi mpya mpya zenye kutuliza mtikisiko, F80, inazielewa. F90X haizielewi. Na F80 ikipatikana na ule mkono wa chini wa MB-16, unaokula AA, mjadala umekwisha.

Kwa kijana wa Arua hesabu ilikuwa hivi. EOS 300 ina nukta saba za fokasi, 500N ina tatu, na nilimwambia hatazihitaji zile nne. Mapazia yote mawili makavu. Vipimo vya mwanga vinakubaliana. Lenzi ya nyeusi imekufa. Mlango wa fedha, tulipousukuma, ulicheza. Nikatia filamu yangu ya majaribio katika zote mbili. EOS hizi ndogo huvuta filamu yote hadi mwisho kwanza, kisha huirudisha kashani picha baada ya picha, kwa hiyo unasikia mota ikikimbia muda mrefu. Ya 500N ilikimbia bila kupunguza mwendo. Ya 300 ilisita katikati, ikaendelea, na zile CR2 zilikuwa mpya.

"Hajji," kijana akasema, "nataka bodi hii nyeusi na lenzi ya ile."

Hajji akazitazama zote mbili kama mtu aliyeombwa kumtenganisha mume na mke. "Mjukuu wangu, sasa hii iliyobaki nimuuzie nani?"

Walivutana kama dakika kumi, bei ikapanda kidogo, wakapeana mikono. Kijana aliondoka utepe wangu ukiwa bado kwenye lenzi. Nikakumbuka nilichokuja kutafuta. Hajji alipekua droo mbili na sanduku moja. Mfuniko hakuwa nao.